Shahada ya Kusaga Unga

Huku kwetu magharibi mwa Kansas, sekondari haimalizwi na mtihani. Inamalizwa na fulana. Tarehe mosi Mei kila anayekwenda chuo anakuja shuleni amevaa fulana ya chuo alichochagua. Tunapangwa kwenye ngazi za ukumbi wa michezo kama mayai kwenye trei, tunapigwa picha, picha inatoka kwenye gazeti la mji, na mabibi wanaikata kwa mkasi na kuibandika kwenye friji. Ukija na shati la kawaida, watu wanakupa pole kana kwamba umefiwa.

Mimi, Tobin Leiker, wiki moja kabla ya siku hiyo nilikuwa na fulana mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya chuo cha urubani, ya buluu, ina mabawa kifuani. Ya pili ilikuwa ya chuo cha jimbo letu, ambako nilikuwa nimekubaliwa kusomea shahada ya kusaga unga. Usicheke, ipo. Miaka minne kamili unasoma ngano inavyovunjika, inavyochekechwa, na kwa nini mkate wa mtu mmoja unaumuka na wa mwenzake unalala kama kandambili. Nani mwingine aisome kama si sisi, tuliozungukwa na ngano mpaka puani? Mshauri wa shule alitutaka kila mmoja aombe angalau chuo kimoja cha jimbo. Mimi nikatafuta kwenye orodha kozi ya kuchekesha kuliko zote, nikaiomba kwa mzaha. Wakanikubali kwa dhati, wakanitumia na fulana.

Lakini niliyoitaka ilikuwa ya buluu, na sababu ilikuwa saa. Kwetu, shirika la ndege la abiria halikukabidhi usukani mpaka uwe umefikisha saa elfu moja na mia tano angani. Ukiwa na shahada ya urubani wanakupunguzia, zinabaki elfu moja. Saa mia tano ni nyingi. Ni mwaka mzima wa kuzunguka juu ya mashamba ukivuta mabango ya matangazo na kufundisha wanafunzi wanaokutapikia mapajani. Shahada nyingine yoyote inakubalika kwenye mashirika, hakuna anayeuliza ilikuwa ya nini, ila haikupunguzii kitu.

Kwa hiyo nilidhani nimeshachagua. Nikampelekea habari Bi Verla.

Verla Dinges ananyunyizia mashamba dawa kwa ndege, ana miaka sitini na mbili, na sauti yake imekaa kama injini iliyokosa mafuta. Tangu nina miaka kumi na sita ananifundisha kuruka kila Jumamosi, nami namwoshea ndege. Nilimkuta amelala chali chini ya bawa, anafunga bomba kwa waya.

"Nimechagua," nikasema. "Shahada ya urubani."

"Hongera. Daktari kasemaje?"

"Daktari gani?"

Akatoka chini ya bawa akiwa ameshika koleo, akaniangalia kama mtu aliyekuta panya kwenye gunia la mbegu.

"Dogo, nimekwambia mwaka juzi. Nimekwambia mwaka jana. Nenda kwa daktari wa marubani upate cheti cha afya. Bila hicho cheti hata kuruka peke yako huruhusiwi, ndiyo maana mpaka leo nakukalia ubavuni kama mama mkwe. Ulinijibu nini?"

"Mama alisema baada ya mavuno."

"Mavuno yamepita mangapi?"

"Mawili."

"Basi sikiliza. Usitie saini chuo chochote kabla hujapimwa. Nimeona watoto wamesoma mwaka mzima, wamevaa mpaka vitambulisho shingoni, halafu daktari anamwambia mmoja wao macho yako hayatofautishi nyekundu na kijani. Sasa mtoto yule ana robo shahada ya urubani, anauza viatu."

"Wewe ulisomea nini, Bi Verla?"

"Ualimu wa muziki. Tarumbeta."

"Tarumbeta!"

"Cheka, cheka. Mwaka niliovunjika mgongo, miezi kumi na minne sikuruka. Unadhani nilikula nini? Nilifundisha watoto wa mji wa Hoisington kupuliza. Walipuliza vibaya sana, lakini nilikula."

Nikaenda nyumbani nikamwambia Mama kwamba nimeweka miadi Jumanne, daktari yuko mbali, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Mama, Renata, anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Anawageuza, anawaosha, anawalisha, anawasikiliza wakimwita kwa majina ya dada zao waliokufa. Anarudi saa tisa alasiri, anavua viatu mlangoni, anaingiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi na kufumba macho. Baba alihamia Wyoming nikiwa na miaka sita, na kazi yake kwetu ni kutuma kadi za sikukuu zenye picha za farasi.

"Jumanne hii?" Mama akauliza bila kufumbua macho.

"Hii hii. Ila kuna fomu ya kujaza kwanza kwenye kompyuta. Njoo unisaidie, wanauliza mambo ya utotoni."

Akafumbua macho.

Nilikaa naye mezani, mbele yetu sahani ya biroki, mikate yetu ya kujazwa nyama na kabichi, imepoa. Nikawa nasoma maswali kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Je, umewahi kuzirai? Hapana! Kifafa? Hapana! Moyo? Upo, mzima, haujapata mtu! Mama hakucheka. Nikafika kwenye swali linalouliza kama umewahi, maishani mwako mwote, kuwa na tatizo lolote la akili au mwenendo. Nikasema, "Hapo mwalimu wa hesabu angependa kuchangia," nikapeleka kidole kubofya hapana.

"Ngoja," Mama akasema.

Nikangoja.

"Ulipokuwa darasa la tatu. Unakumbuka zile vitamini?"

Nilizikumbuka. Vidonge vidogo vya rangi ya machungwa, kimoja kila asubuhi na uji wa shayiri, kama mwaka mmoja na nusu hivi. Nilikumbuka pia kwamba kipindi hicho chakula hakikuwa na ladha.

"Hazikuwa vitamini," akasema. "Zilikuwa za kukutuliza. Daktari aliandika kwamba hutulii, akili inarukaruka. Kulikuwa na jina lake. Siku hizo nusu ya darasa lenu walipewa. Mwalimu wako alilalamika, unaongea, unachekesha wenzako, unapanda juu ya meza."

"Kwa hiyo nilipewa dawa kwa sababu ya utani."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

Alichukua biroki moja akaikata vipande vidogo vidogo, kama anavyowakatia wazee, halafu hakula.

Hapo ndipo nikaelewa habari za mavuno. Miaka miwili yote niliamini Mama amechoka tu, kila mwezi miadi inasogezwa mwezi mwingine. Kumbe alijua. Bi Verla alishamweleza kuhusu fomu hiyo nilipoanza kuruka, na Mama akawa anaisogeza mbele kama mtu anayesogeza sahani asiyotaka kula.

"Bofya hapana," akasema ghafla. "Yule daktari amekufa. Zahanati yake sasa ni duka la vifaa vya uvuvi. Nani atajua?"

"Mama!"

"Hukuwa mgonjwa, Tobi. Ukisema hapana husemi uongo. Huo mwaka na nusu ulikuwa wangu, siyo wako. Bofya, mwanangu. Tafadhali."

Sijawahi kumsikia Mama akiniambia tafadhali kwa sauti ile. Nikabofya hapana. Fomu ikanipa namba ndefu ya kwenda nayo kwa daktari. Tukala biroki zikiwa baridi vilevile.

Jumanne Mama alibadilishana zamu, akaendesha. Njia nzima hakuna kona, na hakuna aliyewasha redio. Tulipofika alisema atanisubiri garini. Nilipogeuka kumpungia mkono, alikuwa ameshalaza kichwa kwenye kioo, mdomo wazi.

Daktari aliitwa Haberkorn. Mzee mnene, ana tai yenye michoro ya bata, na ukutani ana picha ya ndege yake mwenyewe, aliyoijenga kwenye gereji. Nilimpenda papo hapo, nikatamani angekuwa mtu mbaya, maana nilikuja kumdanganya. Alipima macho yangu, nikasoma mpaka jina la kiwanda chini ya ubao. Alipima masikio. Alipima moyo, nikamwambia kama atasikia muziki asishtuke, ni wimbo wa shule. Akacheka mpaka bata wakaruka.

Kisha akakaa mbele ya kompyuta na ile namba yangu, akaondoa mikono kwenye vitufe, akanigeukia.

"Sasa, kijana, hili nawaambia wote kabla sijaifungua fomu. Mpaka dakika hii ni karatasi yako. Nikishaifungua inakuwa ya serikali. Hairudi, haifutiki. Kwa hiyo nakuuliza mara moja tu: kuna jibu lolote unataka tuliongee kwanza?"

Ningependa kukwambia kwamba nilifikiria ukweli, au heshima, au abiria mia na hamsini nyuma ya mgongo wangu. Sikufikiria hata kimoja. Nilipiga hesabu. Rubani wa abiria anapimwa kila mwaka mpaka afike miaka arobaini, halafu kila miezi sita mpaka anapostaafu akiwa na sitini na tano. Nikaziweka pamoja kichwani: mara sabini na mbili. Mara sabini na mbili nitakaa kwenye kiti kama hiki, mbele ya mzee mwingine mwenye tai nyingine, nitoe mzaha ule ule wa moyo, na nidanganye. Nikajisikia nimechoka kabla sijaanza. Mabega yalikuwa mazito kama nimetoka kubeba ngano.

"Liko moja," nikasema.

Nikamweleza. Alisikiliza bila kuandika chochote. Nilipomaliza akavua miwani akasugua macho.

"Wa tano mwezi huu," akasema. "Mnaletwa kwangu na miaka kumi na minane, wazima kama ndama, na hadithi ile ile. Umefanya vizuri kusema."

"Kwa hiyo utanipa cheti?"

"Hapana."

"Daktari, hiyo vizuri yako ina bei."

"Ina bei. Sikiliza, siifungui leo. Nikiifungua leo hivi ilivyo, itabidi niipeleke makao makuu, nao wataikalia mpaka uote mvi. Nenda nyumbani. Tafuta karatasi za zamani, dawa gani, lini mpaka lini. Kisha utaonana na mtaalamu wa akili anayepima marubani, siku nzima ya mitihani, mafumbo na namba. Uliacha dawa karibu miaka tisa iliyopita, shuleni unafanya vizuri, naamini utapita. Lakini wataalamu hao ni wachache. Wa karibu yuko Wichita, na foleni yake sasa hivi imefika Novemba."

"Chuo kinafungua Agosti. Bila cheti hawanipandishi ndege."

"Najua."

"Kwa hiyo nitakuwa rubani wa kukaa darasani. Nitajifunza kutua kwa maelezo."

Alicheka kidogo, lakini kwa upole, kicheko cha kumsindikiza mtu mlangoni.

Mama aliamka nilipofungua mlango wa gari. Alitazama mikono yangu kama nimeshika karatasi. Sikuwa nimeshika kitu.

"Umesema," akasema.

"Nimesema."

Aliwasha gari. Tulipita maghala ya nafaka ya mji wa kwanza, tukapita ya mji wa pili. Mashamba yalikuwa ya kijani, ngano imefika magotini. Kabla ya mji wa tatu akasogeza gari pembeni mwa barabara, akazima injini. Lori la ng'ombe likapita, gari letu likayumba.

"Mwalimu hakusema upewe dawa," akasema. "Nilikudanganya. Mwalimu alisema tu huna utulivu. Dawa nilikwenda kuiomba mimi."

Sikusema kitu. Kwangu mimi hilo ni tukio la kihistoria.

"Baba yako alikuwa ameshaondoka. Nilikuwa nafanya zamu mbili. Narudi nyumbani, wewe unaongea. Unaongea bafuni, unaongea mezani, uko juu ya kabati unaigiza padri. Nilitaka saa moja tu ya kimya, Tobi. Saa moja. Nilimweleza daktari ukorofi wako, nikaongeza na chumvi. Akaandika."

"Uliipata hiyo saa?"

"Niliipata mwaka mmoja na nusu." Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa. "Ulikuwa unakaa kwenye sofa, mikono mapajani. Nikikuuliza shule ilikuwaje unasema nzuri. Siku moja nilianguka jikoni na sufuria ya supu, nimelowa mpaka nywele, ukanitazama tu, ukasema pole, Mama. Hukucheka. Nikavitupa vidonge vyote siku hiyohiyo."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki zote, ningeweza kuzitoa moja moja kama karata. Lakini nilimtazama miguu, imevimba imejaa kwenye viatu vyeupe vya kazi, na hasira ikawa kama lile lori, imepita na kututikisa, basi.

"Supu gani?" nikauliza.

"Nini?"

"Iliyokumwagikia."

"Ya maharage na tambi nene."

"Basi nilikuwa mgonjwa kweli. Mtu mzima hawezi kuacha kucheka hapo."

Alicheka huku analia, jambo lisilopendeza kwa mwanamke wa Leiker, puani kunatoka kila kitu. Nikampa kitambaa cha kufutia vioo.

Kesho yake nilimwendea Bi Verla na shauri langu. Niende chuo cha urubani nikasubiri huko, nimelala kwenye bweni nikiwasikia wenzangu wakiruka juu ya paa? Au nifanye nini?

"Ukikosa kabisa cheti," akasema, "ile shahada utaifanyia nini?"

"Nitauza viatu."

"Na ukikipata baada ya mwaka, ukiwa umesomea kitu kingine?"

"Nitahitaji saa mia tano zaidi."

"Basi hilo ndilo swali lako lote. Mia tano. Unaziogopa?"

"Naziona nyingi."

"Ni nyingi. Zinachosha mpaka unasinzia. Utawafundisha wajinga kutua, utavuta mabango ya maduka ya magodoro. Mimi nina saa elfu ishirini na mbili, dogo, nyingi katika hizo nilikuwa nawaza chakula cha mchana." Alitema mate pembeni. "Hicho chuo kingine ulichokubaliwa, wanafundisha nini vile?"

"Kusaga unga."

Nilingoja acheke. Hakucheka hata kidogo.

"Watu hawataacha kula," akasema. "Nenda. Ijumaa jioni ukirudi nyumbani, Jumamosi tunaruka. Mimi nakaa ubavuni mpaka wakupe cheti. Wasipokupa, nakaa ubavuni mpaka nife. Shika kitambaa, bawa lina mavi ya ndege."

Niliandikia chuo cha urubani nikakataa nafasi yao. Nilisahihisha barua ile mara tatu, kila mara nikiondoa mzaha mmoja, mpaka ikabaki mistari miwili mikavu.

Tarehe mosi nilipanda ngazi za ukumbi na fulana ya chuo cha jimbo. Shule nzima ilijua Tobin Leiker anakwenda kuwa rubani, nilikuwa nimewaimbia miaka miwili.

"Rubani!" akapaza sauti Garrick Schoenthaler, aliyekuwa chini yangu. "Mabawa yameenda wapi?"

"Yako kwa fundi."

"Unakwenda kusomea nini sasa?"

"Kusaga unga."

Ngazi nzima ikalipuka. Walidhani ni mzaha wangu bora wa mwaka. Mpiga picha akatupiga hapohapo, wote midomo wazi, isipokuwa mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kumchekesha mtu bila kukusudia, na ni kazi ya kuchosha kuliko ile ya kukusudia.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa mezani, miguu kwenye beseni, mbele yake karatasi na kalamu. Mtaalamu wa Wichita alikuwa amejibu: miadi ni tarehe kumi na tisa Novemba, na anataka barua ya mzazi inayoeleza kwa nini mtoto alianzishiwa dawa. Mama alikuwa ameandika mistari miwili, akaikata. Akaandika mingine, akaikata.

"Niandike nini?" akaniuliza.

"Andika nilikuwa nachekesha sana, serikali ikaogopa."

"Tobi."

"Andika jina la dawa na tarehe. Ndicho wanachotaka. Hawataki maungamo."

"Wakisoma kwamba nilikuwa nimechoka, itakuponza?"

"Sijui, Mama."

Hiyo ndiyo ilikuwa kweli. Sikujua, na daktari Haberkorn hakujua. Huenda barua ikanisaidia, huenda mtu fulani ofisini akaisoma vibaya na miaka miwili ikaongezeka. Mama alichukua karatasi mpya. Kisha akaanza kuandika polepole, kwa yale maandishi ya duara anayoandikia ripoti za wazee, nani amekula, nani amekataa. Niliketi mbele yake nikayasoma maandishi yakiwa juu chini.

Aliandika kwamba mwanawe hakuwa mgonjwa. Alikuwa na miaka minane, na alikuwa anachosha, kama mtoto yeyote. Aliandika kwamba yeye alikuwa analala saa nne kwa siku na hakuwa na mtu wa kumshika mkono, na kwamba alimweleza daktari mambo makubwa kuliko yalivyokuwa. Akaandika tarehe. Akaandika jina la dawa, herufi moja moja. Akatia saini.

"Hapo kwenye kuchosha," akasema, "nifute?"

"Acha."

Aliikunja mara tatu, akainyoosha tena kwa kiganja, akaniomba nimwongezee maji ya moto.